Bango la Mbwa Mkali

Nyumbani kwetu Murusagamba, bango la MBWA MKALI limetangulia getini, na mbwa mwenyewe ni kizee kinachoogopa hata kuku. Wageni wanalisoma, wanacheka, wanapita. Kwa akili hiyohiyo niliifungia nje kambi nzima ya wakimbizi.

Nilikuwa kidato cha tatu, likizo, namsaidia shangazi kwenye ofisi ya uandikishaji Ngara mjini. Kompyuta iliyotunza majina yote ya wakimbizi ilikuwa chini ya meza yake. Karani wa kambini aliingia humo kwa mbali, kwa setilaiti. Asipoingia hawezi kuhakiki kadi, na kadi isipohakikiwa hakuna anayepimiwa mahindi.

Siku hiyo kambini waliletewa kompyuta mpya. Shangazi akaniagiza, "Kwenye faili la ruhusa, lile la nani aingie na nani asiingie, ongeza mstari wa kompyuta yao. Basi. Madoido sitaki."

Madoido ndiyo kazi yangu. Nikaandika mstari wao, kisha juu yake nikabandika wa kwangu: yeyote anayeingia kutoka nje akataliwe. Bango langu la mbwa: la kutisha wageni, wenye ruhusa wapite tu. Nikaiamuru mashine isome upya.

Redio ya mawasiliano ikakoroma, karani wa kambini. "Tumekataliwa. Ova."

Shangazi akakagua neno la siri, nyaya, hadi dishi la nje.

"Tumekataliwa tena. Watu wako foleni tangu alfajiri, na malori ya mahindi yanaondoka saa sita. Ova."

Ilikuwa saa tano na nusu. Nyuma ya karani nilimsikia mtoto akilia, na mtu akimbembeleza dereva kwa Kirundi.

Hapo ndipo nikashtuka. Mashine inasoma kuanzia juu; mstari wa kwanza unaokuhusu ndio hukumu, ya chini haiifikii. Na haimjui mbwa wetu; bango ikilisoma, inalitii.

"Shikamoo shangazi."

"Asubuhi ulishanisalimia. Umefanya nini?"

Nikamwonyesha. Hakunipiga, ingekuwa nafuu. Akainuka kitini. "Kaa. Tengua mwenyewe."

Nikaufuta mstari wangu, nikahifadhi.

"Bado. Dereva kashawasha gari. Ova."

"Umeiambia isome upya?" shangazi akauliza.

Sikuwa nimeiambia. Nikaiambia.

Mshale wa saa ukasogea, nikauona kwa macho yangu.

"Tumeingia! Mama wa kwanza anapimiwa. Ova."

Shangazi akanisukumia kipaza sauti. "Waambie nani aliwafungia."

Nilikuwa na mizaha mitatu tayari mdomoni. Nikabonyeza kitufe. "Ni mimi. Nisameheni. Ova."

Hakuna aliyejibu. Walikuwa wanapima mahindi.