Kiti cha Miguu Mitatu Chaenda Mpakani

Watu wa mtaa walimwita Bi Tanuri, naye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake, kwa sababu hili alilitolea jasho. Miaka thelathini na mmoja alifanya kazi katika kiwanda cha mikate na biskuti. Alianza na ufagio, akaishia kuwa mkubwa wa meza ya kufungia biskuti, na kwenye mkono wake wa kulia alikuwa na alama saba za kuungua ambazo aliwaonyesha wageni kabla hata hawajaulizwa chai. Shule aliiachia darasa la pili. Herufi alizijua, ila alizijua kama mtu anavyowajua majirani wa mtaa wa pili: sura anazitambua, majina mpaka akae afikirie.

Alikuwa na mjukuu mmoja tu, wa kike, aliyemlea mgongoni. Alimwita Kijiko, maana tangu alipoota meno hapakuwa na kijiko cha unga wa keki kilichooshwa ndani ya nyumba ile kabla hajakilamba. Kijiko akakua, akawa mrefu wa kuinama mlangoni, akaenda jeshini. Sasa alikuwa koplo, mwezi wa saba huo kwenye kambi ya mpakani, mahali ambapo simu inashika mara moja kwa wiki, tena ukisimama juu ya pipa.

"Bibi," alisema mara ya mwisho alipopanda juu ya pipa hilo, "unajua nimeanza kuisahau nyumba? Nikifumba macho naona mchanga tu. Hivi mlango wetu ni wa bluu au wa kijani?"

"Bluu, mjinga wewe! Si uliupaka mwenyewe?"

"Ee, kweli. Bluu."

Simu ikakatika. Bi Tanuri akabaki ameishika vilevile sikioni, anasikiliza hewa. Mtoto aliyeupaka mlango kwa mikono yake mwenyewe, akachafua na sakafu, akachafua na paka, leo anauliza rangi ya mlango! Neno hilo lilimkwama kooni siku nne. Hakulimeza, hakulitema.

Siku ya tano binti yake, mama yake Kijiko, ambaye ni nesi wa zahanati ya mtaa wa pili, alirudi kazini na karatasi mkononi. Kamati ya familia za askari inatuma vifurushi mpakani, alisema. Lori linaondoka Jumamosi asubuhi. Kila familia inatakiwa kuleta kopo moja la biskuti zilizopambwa. Lori jingine ni baada ya miezi minne.

"Soma yote," Bi Tanuri akasema. "Usinirukie mistari."

"Mada ni Ushujaa. Biskuti ziwe za maumbo yafuatayo: nyota, kofia ya chuma, buti, kifaru, bunduki. Rangi iwe kijani cha jeshi. Wamechora na mifano, hii hapa."

"Bunduki?"

"Bunduki, Mama."

"Bunduki anayo. Analala nayo, anaamka nayo, anakwenda nayo chooni. Nimtumie na nyingine ya sukari ili iweje?"

"Mama, tafadhali usianze."

"Sijaanza mimi. Nikianza utajua."

Aliichukua ile karatasi, akaigeuza huku na huku. Nzito, laini, ya kung'aa. Karatasi nzuri kabisa. Akaikunja akaiweka kabatini, na binti yake alipoona hivyo alifurahi, akadhani mambo yamekwisha.

Alhamisi, binti akiwa kazini, Bi Tanuri alikata shauri. Alifanya ukaguzi wa nyumba nzima kama afisa wa bima, mikono nyuma, miwani puani. Mlango wa bluu wenye mchubuko chini, pale paka anapokwaruza akitaka kuingia. Dirisha lenye kioo kilichopasuka, ambalo nesi aliliziba kwa plasta ya hospitali, vipande viwili vimepishana. Bomba la uani linalodondosha tone moja moja tangu lilipofungwa. Birika lililopoteza kishikio cha mfuniko, likafungwa kizibo cha chupa. Paka mwenye sikio moja. Na kiti cha jikoni, chenye miguu mitatu na matofali mawili mahali pa mguu wa nne, kwa sababu siku barua ya jeshi ilipofika Kijiko alipanda juu ya kiti hicho akaruka kwa furaha, yeye akashuka upande huu na mguu ukaenda upande ule.

Hivyo ndivyo vitu alivyochora, kwa penseli, juu ya boksi la sabuni. Akavikata kwa mkasi. Unga akaukanda bila hamira wala baking poda, maana biskuti ikiumuka mlango unakuwa mto wa kulalia. Akaulaza chini ya kitambaa kibichi mpaka ukatulia, akausukuma, akazungusha kisu pembeni mwa kila umbo. Alizitoa kwenye oveni pembe zilipoanza tu kubadilika rangi. Hakutazama saa. Pua yake ilifanya kazi hiyo kabla saa ya ukutani haijanunuliwa.

Kupamba ndiko kulikomlia siku. Alipiga ute wa yai na sukari ya unga mpaka mkono ukafa ganzi, akaugawa: mzito wa kuchora mipaka, mwepesi wa kujaza katikati. Rangi ya bluu kwa mlango, kakao kwa kiti, nyeupe kwa plasta ya dirisha. Mfuko wake wa kupambia ulikuwa pakiti ya maziwa iliyotobolewa kwa sindano, na kupitia tundu hilo alidondosha hata lile tone la bomba, moja, la bluu, linaning'inia.

Binti yake alirudi akaona meza, akakaa bila kuvua viatu.

"Mama. Nyota ziko wapi?"

"Juu."

"Mama, watalikataa kopo letu. Halafu Kijiko atakuwa peke yake kambi nzima asiyepata kitu, miezi minne. Umelifikiria hilo?"

Kusema kweli alikuwa amelifikiria, na lilimuuma. Lakini alisema, "Wakikataa nitapanda lori mwenyewe."

"Una miaka sabini na minne."

"Basi wanikalishe mbele."

Ijumaa ziliachwa zikauke kutwa. Jioni akazifunga. Hapo sasa ndipo palipokuwa na ufundi wake, na mtu asidhani biskuti inalazwa tu koponi kama mgonjwa. Aliitoa ile karatasi ya kamati kabatini, akaikata vipande vya mraba, vifaru na bunduki na yote. Akazipanga biskuti mbili mbili, mgongo kwa mgongo, kipande cha karatasi kati ya jozi na jozi. Akazisimamisha kwa ubavu kama sahani kwenye kichanja, na kila pengo akalijaza bisi zisizo na chumvi wala mafuta. Halafu akafunga mfuniko, akatikisa kopo sikioni. Kimya. Likitoa hata mlio mdogo linafunguliwa upya. Hiyo ilikuwa sheria ya meza yake miaka yote, na wasichana aliowafundisha walimchukia kwa ajili yake, kisha wakaja kumshukuru.

Jumamosi saa mbili asubuhi ukumbi wa kambi ya jeshi ya hapo mjini ulikuwa umejaa wake, mama na dada za askari. Makopo yamepangwa kwenye meza ndefu, mifuniko wazi, kijani kitupu. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mke wa kapteni, mwanamke nadhifu, mwenye sauti ya upole ambayo ilionekana haijawahi kukataliwa tangu izaliwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Mwenyekiti akafungua kopo. Akatoa jozi moja, akaipindua.

"Mama, hii ni… bomba?"

"Linavuja," Bi Tanuri akamwambia. "Tazama tone."

Wanawake wawili watatu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. Halafu akaona ile karatasi ya mraba, yenye nusu ya kifaru chake.

"Mama, tulitoa mada. Gazeti la jeshi linakuja kupiga picha, makopo yote yanatakiwa yafanane. Hili siwezi kulipokea. Samahani sana."

"Mnatuma kwa gazeti au mnatuma kwa watoto?"

"Mama," binti yake akanong'ona, akimvuta ukosi, "tuondoke."

"Niache. Mjukuu wangu ameniuliza rangi ya mlango wa kwetu." Sauti yake ilipanda, ukumbi ukatulia. "Amesahau. Sasa nikimpelekea kifaru, atakumbuka nini? Vifaru anavyo mlangoni pake! Na hizo zenu, kwa jinsi mlivyozilaza, hazifiki. Mtakuwa mmewatumia watoto vumbi la kijani."

"Hizi zimefungwa kwa pamba, mama," Mwenyekiti akasema, na safari hii upole ulikuwa umepungua kidogo. "Nimefunga langu kwa mikono yangu."

"Lirushe."

"Unasema?"

"Lirushe chini. Na langu litarushwa. Muulize huyo baba wa stoo kama lori lake lina mikono ya mkunga."

Sajini wa stoo alikuwa amesimama mlangoni, mtu mnene mwenye penseli nyuma ya sikio. Kila mtu akamgeukia. Akakohoa.

"Kusema ukweli, mama zangu," akasema, "kule tunapakua kwa kurusha. Barabara yenyewe ni siku tatu za mashimo."

Bi Tanuri hakungoja. Alirudisha ile jozi mahali pake, akafunga kopo lake, akalipeleka ukingoni mwa jukwaa la kupakilia lori nje ya mlango, lenye kimo cha mtu mzima, akalisukuma kwa mguu kama mtu anayefukuza kuku. Likaanguka kwenye saruji, likabingirika, likatulia karibu na gurudumu la lori. Binti yake alifumba macho.

Sajini akalileta, akalifungua mezani. Akatoa jozi ya kwanza: mlango, dirisha. Nzima. Birika na paka, wazima, hata lile sikio moja. Kisha Mwenyekiti akanyoosha kidole.

"Hiyo imevunjika. Hicho kiti. Kina miguu mitatu."

Ukumbi ukaguna. Hata binti yake akasema, "Aa, Mama."

"Lete hapa," Bi Tanuri akasema. Akakishika kiti kwa vidole viwili, akamweka Mwenyekiti karibu na dirisha penye mwanga. "Wewe una macho ya ujana, tazama mwenyewe. Biskuti ikivunjika, pale ilipokatikia unaona unga mtupu, si ndiyo? Sasa hapa penye kisiki pana nini?"

Mwenyekiti akatazama. Sukari ya kakao ilikuwa imezunguka kisiki chote, laini, bila ufa.

"Pana… sukari."

"Kimeokwa hivyo. Kwangu kiti kina miguu mitatu. Aliyeuvunja wa nne yuko mpakani kwenu huko, kamuulizeni."

Hapo ukumbi ulicheka wote, na Sajini alicheka mpaka penseli ikaanguka. Mwenyekiti, na hili Bi Tanuri anamheshimia mpaka leo, akarudi mezani, akachukua kopo lake mwenyewe, akalifunga, akalipeleka ukingoni akaliachia. Lilipofunguliwa, bunduki zilikuwa kuni za kuwashia jiko, na vifaru vilikuwa unga wa uji. Pamba ilikuwa imelamba sukari yote.

"Mume wangu yuko kambi hiyohiyo," alisema polepole, kama anayejisemea. "Angefungua akakuta hivi." Akageuka. "Mama, tufanyeje?"

"Nileteeni mahindi ya bisi na sufuria kubwa. Na mtu asinigusie makopo mpaka nimwambie."

Walifunga upya makopo arobaini na mawili. Wake za maofisa walisimama mstari na mabibi wa mitaani, wakipokea amri kwa mwanamke wa darasa la pili: mgongo kwa mgongo, simamisha, tikisa, nimesikia mlio, fungua! Mpiga picha wa gazeti alikuja akawakuta wana bisi kwenye nywele. Kopo la Mwenyekiti lilijazwa kwa kuchangiwa, nyota mbili huku, buti moja kule.

Lori lilipokaribia kufungwa, Mwenyekiti alimwendea tena, safari hii taratibu, ana mfuko wa sukari ya kijani mkononi.

"Mama, lako linakwenda, halina mjadala. Ila nakuomba kitu kimoja tu. Nyota moja, ndogo, hapo juu ya mlango. Kwa ajili ya picha."

Bi Tanuri alimtazama. Mwanamke alikuwa amefanya kazi, jasho linamtoka, na ombi lenyewe lilikuwa dogo. Binti yake alimkanyaga mguu chini ya meza.

"Mlango wangu hauna nyota," akasema. "Una mchubuko. Nao nimeuweka."

Akafunga mfuniko, akatikisa, akasikiliza. Kimya. Akamkabidhi Sajini kwa mikono miwili.

Zilipita wiki mbili kasoro siku moja. Bi Tanuri alikuwa jikoni anamenya viazi, simu ikalia, upepo mtupu ndani yake.

"Bibi! Mlango ni wa bluu!"

"Nilikwambia."

"Nimeuweka, sijaula. Dirisha kala afande wetu, nimemkatalia lakini ana cheo. Bibi, na kiti! Nimecheka mpaka wenzangu wakadhani nimepatwa na jua. Mbona mpaka leo hamjakitengeneza?"

Bi Tanuri alikitazama kiti, kimekaa juu ya matofali yake mawili. Fundi alikwisha kupita mara tatu akaomba kukitia mguu, mara zote tatu akafukuzwa.

"Nikitengeneze mimi?" akasema. "Nilikivunja mimi? Njoo ukitengeneze wewe uliyekivunja. Msumari ninao."