Mazizi ya Povu

Kabla hajawa mnunuzi wa vifaa vya ujenzi huko Guangzhou, Mwatima alikuwa mwashi wa chokaa. Kazi alijifunzia Mji Mkongwe, kwenye majumba ya mawe, na kwa mikono hiyohiyo akapelekwa Uingereza miaka mitatu kukarabati majengo ya uani ya shamba moja la mabwanyenye: mazizi ya farasi, ghala ya nafaka, nyumba ya njiwa. Kwa hiyo Dismas, mwenye hoteli kutoka Dar es Salaam, alipomfuata mtaani Xiaobei, wanakokaa Waafrika wengi wa Guangzhou, na kumwonyesha picha za majengo kama yale kwenye simu, Mwatima alikijua anachokitazama kuliko mwenye simu.

"Bi Mwatima, nataka haya haya, hotelini kwangu Bagamoyo. Kiwanda nimeshakipata. Wewe utanitafsiria tu."

Kiwanda kilikuwa nje ya mji, saa nzima kwa teksi. Tajiri wake, Laoban Feng, alikuwa amesimamisha sampuli uani. Mwatima akazizunguka, mikono mgongoni, kama mkaguzi wa nyama aliyekwisha kunusa harufu.

Ghala ilisimama juu ya mawe yenye umbo la uyoga.

"Unajua uyoga huu ni wa nini?"

"Urembo," alisema Dismas.

"Wa panya. Akipanda anakutana na kofia, anarudi chini. Ndiyo maana ngazi ya kweli haifiki mlangoni, linaachwa pengo mtu avuke kwa hatua moja. Hawa wamemjengea panya ngazi mpaka kizingitini, na pa kujishikia wamemwekea."

Dismas akacheka bila kuelewa. Kwenye nyumba ya njiwa, matundu yote yalikuwa yamechorwa kwa rangi nyeusi. Mlango wa zizi ulimtosha mbuzi, tena aliyekonda. Mwatima akalibonyeza "jiwe" la kona, kidole kikazama. Ndani lilikuwa povu jeupe, lile la kufungia televisheni, limepakwa saruji juu juu.

"Wageni hawatajua," alisema Dismas. "Vyote hivi nitavifanya vyumba. Zizi litakuwa la maharusi."

Hapo Mwatima akashindwa kunyamaza.

"Kule farasi walijengewa dari za matofali za kuba, na mifereji ya kuoshea mikojo yao. Wanadamu waliowatunza walilala darini juu yao, paa limeinama hata nguo wakivaa wamepiga magoti. Upande wa nyumba kubwa hawakuwekewa dirisha, wasije wakamwona bwana. Dari ile nimeipiga lipu mimi. Mwenye shamba wa sasa, mama mmoja, alipita chini ya jukwaa langu miezi mitatu, hata jina hakuniuliza."

Alimdharau mama yule siku zile. Huyu Dismas alimdharau zaidi: yule alirithi aibu yake, huyu alikuwa anaiagiza kwa kontena.

"Basi hiyo ndiyo historia," alisema Dismas, akiandika kwenye simu. "Nitaiweka kwenye kibao. Mwambie laoban nataka na saa kubwa juu ya lango."

"Mwambie mwenyewe."

Dismas akamwambia. Alizungumza na simu, nayo ikatoa Kichina kwa sauti ya kike. Laoban Feng akajibu kwa simu yake. Baada ya nusu saa walikuwa wakipeana sigara. Mwatima alikaa nje juu ya mifuko ya saruji, hana anayemhitaji, na hilo lilimuuma kuliko povu.

Mfanyakazi mmoja wa makamo akaja na mwiko mdogo, akalitazama tundu la kidole cha Mwatima, akaliziba kwa mapigo mawili. Hakuacha alama. Mwatima alitafuta kosa, hakuliona.

"Mkono kama huu," alinung'unika, "unapotelea kwenye takataka."

Alirudi mjini peke yake. Kwenye treni ya metro alimwandikia Dismas kwamba jina lake lisitajwe popote katika kazi ile. Dismas alijibu kwa picha ya kicheko.

Hoteli ilifunguliwa mwezi wa tano. Dismas alimtumia video, akamwandikia chini yake kwamba vyumba vimejaa mpaka Agosti na wageni wanalisifu zizi kuliko bahari. Mwatima aliitazama mara moja, mpaka mwisho, akaifuta. Kisha akavaa viatu, akatoka kwenda kumchagulia mteja wa Tanga mabomba ya maji machafu.