Chaki ya Fundi Ukucha

Gari likiingia gereji, kabla mwenyewe hajazima injini, Fundi Ukucha alikuwa ameshaliendea na kupitisha ukucha wa dole gumba juu ya mkwaruzo. Ukipita bila kukwama, kazi ni kung'arisha tu. Ukinasa, mwenye gari na ajishike kichwa, maana hapo ni msasa, kujaza na kupuliza rangi upya. Kisha fundi alizungushia chaki kila mkwaruzo, hata ule ambao mwenyewe hakuujua, na maongezi ya bei yalianzia hapo. Mteja akiliona gari lake limejaa miduara kama limeugua surua, analegea mwenyewe.

Ufundi huo alifundishwa na baba yake, kwenye mlango mbovu wa kijivu ambao bado ulikuwa umetundikwa nyuma ya gereji, juani. Mzee aliuchora kwa misumari, mistari mizito na myepesi, akamfumba mwanawe macho kwa kitambaa: "Papasa. Huu ni wa kung'arisha au wa kujaza?" Miaka mingi baadaye mnunuzi wa vyuma chakavu aliuulizia mlango ule. Ukucha alimtajia bei ya gari zima, na yule bwana hakuulizia tena.

Enzi hizo mkwaruzo ulikaa ulipowekwa. Ukucha aliwajua watu kwa milango yao. Huyu anashika funguo kwa mkono wa kushoto. Yule mama pete yake haivuki kifundo cha kidole. Hawa wamegombana, mlango umekula teke. Gari likirudi baada ya miaka, alilipapasa ubavuni na kusema, "Umezeeka, mwenzangu. Wamekutesa."

Kilichomtisha duniani kilikuwa kimoja: macho. Baba yake hakuiacha kazi. Kazi ndiyo iliyomwacha, siku alipopaka mlango kijivu ambacho hakikuwa na ukoo na kijivu cha gari lenyewe, akasimama mbele ya wateja akijisifu. Walicheka. Mzee alivua ovaroli, akaikunja vizuri, akaenda zake nyumbani, na hakurudi.

Basi Ukucha alimwambia binti yake, ambaye walifanya kazi pamoja, "Siku nitakayozungushia chaki mkwaruzo usiokuwepo, bomba la kupulizia rangi ni lako. Usinionee haya."

"Hutageuka, baba?"

"Nipe mkono."

Walipeana mkono. Na mkono ukishapeanwa, Ukucha hakurudi nyuma; sifa hiyo ndiyo iliyomtoa kwenye kibanda cha mabati ya kuazima ikampa gereji yenye lango.

Asubuhi moja mama mwenye duka la dawa alileta gari jipya jeusi. Lango la nyumbani kwake lilikuwa limechubua mlango hadi bati likachungulia. "Nimeleta huu tu, fundi. Hivi vikwaruzo vidogo viache, vitajiponya vyenyewe."

Ukucha alicheka moyoni. Wabahili aliwaona wengi, lakini huyu alikuwa na sababu mpya. Mama alipoondoka, alilisukuma gari kivulini, akapitisha ukucha, akazungushia chaki vyote, vikubwa kwa vidogo. Atakaporudi na alegee.

Binti alihitaji nafasi, akalitoa gari juani. Jua lilipopanda, Ukucha akaenda kulitazama. Miduara ilikuwepo. Ndani ya miduara hamkuwa na kitu.

Akafuta miwani. Akainama. Akapitisha ukucha, ukateleza kama kwenye sahani. Palipokwaruzwa na lango tu ndipo uliponasa. Kwingine kote alikuwa amezungushia hewa.

Alivua ovaroli, akaanza kuikunja, na alipojiona anaikunja kama baba yake, akaiweka chini. Akamwita binti yake, akamwonyesha miduara, akamkabidhi bomba la rangi.

"Ni lako."

Binti alitazama gari, akamtazama baba yake. Yeye pia hakuelewa. "Kaa kwanza, baba. Nikuletee chai."

Chai ilikuwa haijapoa mwenye gari aliporudi. Alipoiona ile miduara, alishika kiuno. "Fundi, si nilikwambia vitajiponya? Rangi hii ikipata joto inajivuta na kuziba. Hata ukimwagia maji ya moto. Ila ikichimbwa mpaka bati, ndiyo imekwisha, inataka fundi."

"Asubuhi vilikuwepo?" Ukucha aliuliza polepole.

"Vilikuwepo. Ulitaka kunilipisha kwa vyote, au naona vibaya?"

Ukucha aliinuka. Akavaa ovaroli yake tena, kifungo kwa kifungo, kisha akamnyooshea binti mkono. "Lete bomba langu."

"Bomba la nani?"

"Macho yangu mazima. Umesikia mwenyewe."

"Mkwaruzo ulikuwepo ndani ya chaki, au haukuwepo?"

"Asubuhi ulikuwepo."

"Mimi sikuuliza habari za asubuhi. Na mkono tulipeana."

Mama wa duka la dawa akaegemea gari lake, akisubiri kuona nani atalegea. Ukucha alimtazama binti yake kwa muda mrefu, kama anavyomtazama mteja aliyekataa bei ya kwanza, na ya pili, na bado hajaondoka. Hasira ilimjia, kisha kitu kingine kikaisukuma hasira pembeni.

"Bomba chukua," alisema. "Chaki siitoi."

"Chaki nani kaitaka? Ukiondoka na chaki yako, wateja atawalegeza nani?"

Ukucha akamwachia binti mlango mweusi aupulize. Yeye akazunguka nyuma ya gereji, kwenye mlango wa kijivu uliochomwa na jua miaka yote hiyo bila kuziba hata mstari mmoja. Akafumba macho, akapitisha ukucha.

Ukanasa palepale.