Ubao Uliorudi Umeoshwa

Vakansi ile, shule imefungwa, nilifungwa Kasongo bila pingu. Nilikuwa nimeiga kikohozi cha prefe, mkuu wa shule yetu, mbele ya mlango wa ofisi yake, wenzangu wakacheka, kumbe mwenyewe yuko ndani. Adhabu: kila siku saa nne na nusu nielekeze kipima-mwanga cha profesa wa fizikia kwenye ubao mweupe, halafu kwenye udongo wa uwanja, namba niziandike kwenye kaye, daftari lake. Wenzangu wote wako kijijini Wamaza, wanakula mahindi ya kuchoma.

"Satelaiti inapima mwanga wenye udongo wetu unarudisha juu," profesa aliniambia. "Lakini jicho lake linazeeka, na hakuna mutu wa kupanda kulipangusa. Namba ikishuka, tutajua je kama ni dunia ao ni jicho? Ndiyo sababu huku chini tunapima udongo pamoja na ubao ule ule, hatubadilishe kitu."

"Basi miye ni munganga wa macho ya mbinguni, Profesa."

"Weye ni mufungwa. Pima."

Ubao ulipoanza kuwa manjano, seremala akaleta mpya, profesa akiwa safarini. Nikadhani ubao wa zamani umestaafu, na miye nimefunguliwa pamoja nao. Mama jirani, anayeanika muhogo nyuma ya shule, akaomba kuazima ule wa zamani autandazie muhogo wake. Nikampa kwa mikono miwili.

Jumatatu profesa akarudi kutoka Kabambare. "Sasa tupime mbao mbili pamoja, juma mbili. Hata satelaiti mupya inapima kwanza pamoja na ya zamani, tujue zinaachana kwa ngapi. Kisha uende Wamaza. Wa zamani uko wapi?"

Nilikimbia kwa mama jirani. Kwetu kitu cha kuazima hakirudishwi kichafu. Mama alikuwa ameusugua kwa majivu na mchanga mpaka rangi imechubuka.

"Ona, mwanangu, iko inang'aa kupita ile yenu!"

"Aksanti, mama." Nikaubeba kichwani.

Profesa aliupima, akatazama kaye, akaketi chini kwenye vumbi na suruali yake ya safari. Miaka mitatu ya namba za ubao ule, na sasa hazina daraja la kufikia za mpya.

"Tukisie, Profesa. Tupunguze kidogo kwenye namba mupya. Nani atajua?"

"Kidogo ni ngapi?"

Nikafungua kaye kwenye ukurasa wa siku ile. Akanipa kalamu. Nikaandika: *Hapa ubao wa zamani umeoshwa kabla ya kulinganishwa. Namba za juu na za chini zisiungwe.*

"Ubao mupya unaanza leo," akasema. "Na weye pamoja nao, mpaka masomo ifunguliwe."

Siku ya tatu pikipiki ya Wamaza ikapiga honi njiani. Binamu yangu alikuwa nyuma, kakumbatia gunia. "Kuja, bwana! Jua itakimbilia wapi?"

Ilikuwa saa nne na dakika ishirini na tano. Nikamwonyesha ulimi, nikaupangusa ubao vumbi kwa kitambaa kikavu.