Ubeti Usiotunzwa

Taarabu ile ya kuchangia utafiti wa saratani tuliifanya mtaa wa Mawaleh, katika ukumbi wa harusi, wanawake peke yetu. Wazo lilikuwa langu, na kosa pia lilikuwa langu. Mwimbaji alikubali kwamba noti zote atakazotunzwa zitaingia katika sanduku la mchango, nami nikaona mambo yameiva. Wanawake wetu kwa kutunza hawana mchezo.

Kisha nikajitia utaalamu. Nikaandika wimbo mpya unaohusu maradhi yenyewe, nikampelekea mwimbaji. Mama aliusoma jikoni kwetu, mtaa wa Ansab, akanirudishia karatasi. Yeye mwenyewe alitibiwa saratani ya matiti miaka mitatu nyuma, na watu tuliwaambia amekwenda India kwa ajili ya magoti. Sasa mdogo wangu alikuwa anaposwa, na mama aliogopa wakwe wakisikia watasema maradhi yamo katika damu.

"Mimi nna mtoto wa kuozesha," aliniambia baadaye. "Fanya taarabu yako, lakini mimi usinitie."

Nilimuahidi.

Siku ilipofika, nyimbo za mapenzi zilitunzwa vizuri. Wanawake walipanga foleni wakicheza, noti juu. Ukaja wimbo wangu. Ubeti wa kwanza unamsema mwanamke anayeficha uvimbe chini ya kanga. Ukumbi mzima ukatulia vitini, wengine wakakumbuka simu zao. Hapo ndipo nilipozinduka: kwetu anayeinuka kuutunza ubeti amesema kwamba ubeti ule ni wake. Nani angekwenda kujitangaza? Niliwakasirikia kwa uoga wao, tena sana, mpaka nikagundua kwamba na mimi nimekaa, pochi imefungwa. Niliona haya.

Mwimbaji akaurejea ubeti. Mama akainuka.

Hakucheza. Alikwenda pole pole, akatia noti sandukuni, akabaki amesimama pale mbele ili watu wote wamuone. Mama wa mchumba, aliyekaa safu ya pili, alimtazama. Kisha akachukua mkoba wake, akainuka kuelekea mlangoni.

Niligeuka kumtafuta mdogo wangu nimtake radhi, maana posa yake ndiyo ile inatoka ukumbini. Kiti chake kilikuwa kitupu. Alikuwa keshafika katikati ya ukumbi, amekutana na yule mama uso kwa uso, anamuamkia kwa adabu zote, noti mkononi. Akampisha apite. Halafu akaendelea mbele, akautunza ubeti, akasimama ubavuni mwa mama.

Mimi nilikuwa wa tatu.