Aliyekiona Kifua cha Mume Wangu

Ninyi vijana mnaosoma hapa huku kidole kikitafuta pa kurukia, tulieni leo, nina msiba. Yule mama aliyekuwa akipiga picha za vifua hospitalini kwetu amefariki wiki iliyopita, presha imemchukua. Tumemzika hapa Dunda baada ya sala ya adhuhuri. Sikuja kulia, machozi nimeyamaliza matangani. Nimekuja kusema kwa nini nilimtazama mume wangu akitoka na jeneza nikajiona kama mama wa bwana harusi.

Turudi siku za korona. Wakati ule kikohozi kilifichwa kama mimba ya nje ya ndoa. Mzee wangu aliposhikwa na homa tulimfukiza: mwarobaini, mchaichai, malimau, blanketi juu. Akatoka jasho, tukashukuru. Kesho yake akawa hawezi kumaliza Alhamdu bila kupumzika katikati. Hapo nikasema basi, twende hospitali. Shemeji yangu, aliyetoka Mlingotini kuja kumwona, alinisumbua njia nzima mpaka mlangoni mwa chumba cha picha: "Shemeji, hiyo mashine itammaliza ndugu yangu. Turudi tukamfukize tena." Nikamjibu, "Ukishamaliza kusema, kaa hapo kwenye benchi."

Mama yule alitoka na barakoa na miwani, hata uso hauonekani. "Shikamoo babu. Vua shati, na kama una kitu shingoni vua pia." Sasa mume wangu ana hirizi aliyovishwa na marehemu mama yake, imo ndani ya kibweta cha fedha, haijamtoka tangu utoto. Akajibu ameshavua. Kumbe kaizungushia mgongoni! Akili yake ilimwambia picha hupigwa mbele. Picha ikatoka, na juu ya pafu pana kiboksi cheupe pepepe. Mama akachungulia mlangoni: "Babu, kabati hili umelimeza lini?" Hata shemeji akacheka. Mzee hakucheka, akaikumbatia hirizi yake kwa mikono miwili. "Hii ndiyo iliyonifikisha hapa, mwanangu." Nilidhani atafokewa, maana foleni ilikuwa ndefu. Yule mama akasema taratibu, "Sikwambii uitupe, babu. Mpe bibi akushikie. Anayekulinda ni Mungu, naye hazuiwi na ukuta huu." Akaivua. Niliipokea ikiwa bado na joto la homa yake.

Picha ya pili daktari aliiweka kwenye taa akatuita. Pafu lenye hewa hutoka jeusi, alisema. La mzee huku chini, pande zote mbili, lilikuwa na ukungu kama kioo kilichopuliziwa pumzi. "Picha hainitajii jina la ugonjwa, kipimo ndicho kitasema. Lakini huyu harudi nyumbani. Oksijeni sasa hivi." Shemeji aliitazama mpaka akavua kofia. "Kumbe tulikuwa tunamfukiza mtu anayezama." Kipimo kikasema korona. Na mzee wangu, polepole, akapona.

Watu husema mashine ndiyo iliyoshinda. Mashine ilikuwapo siku zote! Mashine haijui kumvua mzee hirizi bila kumvua heshima. Mama yule alipokea vifua vya watu wetu siku ambazo jirani zake wenyewe walimkwepa njiani. Leo naona wahudumu wengine wana kalamu tatu mfukoni na neno moja mdomoni: "Haya, mwingine!" Mgonjwa akiaibishwa hurudi kufia kwao. Shikeni hilo, ninyi mnaosomea kazi hizo.

Siku ya maziko wanaume walipokezana jeneza kama ilivyo desturi. Mume wangu aliingiza bega pale mlangoni, na kila aliyetaka kumpokea alimkatalia, mpaka makaburini. Sisi wanawake tulibaki nyumbani tukingoja. Alirudi kaloa jasho, anapumua vizuri, akaniambia neno moja: "Nimemfikisha."

Jioni niliwaita wote wa nyumbani kwangu, nikagongomea msumari nyuma ya mlango. Nikawaambia: kujifukiza sikatazi. Lakini mtu akianza kukatikiwa pumzi humu ndani, hirizi ataitundika hapa, kisha atakwenda hospitali.