Kuhe wa Gadi

Gadi wa treni ya Kigoma hakuwa mtu wa maneno. Pelagia, jirani yake pale mtaani Isevya, alimjua zaidi kwa mikono: mipana, imejaa makovu ya kuumwa na samaki, na kila arudipo safarini imebeba debe la maji ya ziwa lililofunikwa kwa majani ya mgomba. Maji hayo aliyamimina kikombe kwa kikombe katika sanduku la vioo alilolitengeneza mwenyewe sebuleni, walimokaa samaki wawili wa ziwani waitwao kuhe, dume na jike, wakubwa kama mkono wa mtu mzima. Dume alikuwa mkali, amekwisha kuua majike kadhaa, na kila mara gadi alileta mwingine akisema kwa upole, "Na huyu watazoeana, mama." Kati yao aliweka kioo cha kuwatenganisha. Siku kioo kilipopasuka, Pelagia alimkuta gadi amechutama, kiganja kimezama mahali pa kioo, dume anakiuma, naye hakitoi. Jike amejibanza pembeni, mapezi yamechanika.

"Mtie kwenye debe, baba."

"Humo hatafika hadi nirudi, mama. Atakosa pumzi."

Kule stesheni treni ikapiga honi. Gadi akafumba macho. "Niwekee mkono wako. Gari haliondoki bila mimi."

Pelagia akafanya ishara ya msalaba, akauzamisha, naye gadi akakimbilia stesheni. Akasali Salamu Maria huku akivumilia, mpaka maji yakawa mekundu, akashindwa, akautoa.

Gadi aliporudi safarini aliutazama mkono ule uliofungwa kitambaa. "Pole, mama," alisema. Kisha akafunua debe, akachukua kikombe, akaanza kummiminia maji yule dume, aliyebaki peke yake.